Nani Atalipa Mia Tano Kumwangalia Samatta?

Kwenye banda umiza la mtaani kwetu, Tandika, mechi za siku huandikwa kwa chaki kwenye ubao uliopigiliwa mlangoni. Jumamosi moja nilisimama mbele ya ubao ule nikasoma: mechi tatu za England, moja ya Hispania, na chini yake kwa herufi kubwa, KIINGILIO 500. Nikamuuliza mwenye banda kama baadaye atatuwekea Le Havre.

"Le Havre ndiyo akina nani?"

"Anakocheza Samatta."

Kabla hajajibu, kijana wa bodaboda aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki yake pembeni akadakia. "Mzee, nani atalipa mia tano kumwangalia Samatta? Si alishafeli Villa yule?"

Watu wakacheka. Mwenye banda ndiye aliyecheka kwa raha zaidi, maana ameokolewa kunijibu. Sikuwa na neno la haraka. Nikatoa mia tano yangu, nikaingia kuangalia Arsenal kama wenzangu.

Ila kauli ile juu ya Mbwana Samatta, straika wetu Mtanzania, ilinikalia kooni.

Imekuwa wiki kadhaa sasa nabishana na kijana ambaye hayupo. Nabishana naye kwenye daladala, nabishana naye nikioga. Na kinachonisumbua ni kwamba hakusema kwa chuki wala kwa utani wa jadi. Alisema jambo ambalo kwake lilishaamuliwa zamani. Kwa kumkadiria, Samatta anafunga Wembley yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule ya msingi. Kesi ilisikilizwa akiwa mtoto, yeye amekuta hukumu tu.

Niseme mapema kwamba mimi ni Yanga. Samatta alipita Simba. Kwa hiyo sina undugu wa jezi unaonisukuma kumtetea.

Jalada la Villa

Tuanze na ushahidi alionao yule kijana, maana upo.

Aston Villa ya England ilimchukua Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji tarehe 20 Januari 2020. Straika wao Mbrazili, Wesley, alikuwa ameumia goti vibaya siku ya mwaka mpya kule Burnley, timu iko kwenye hatari ya kushuka daraja, dirisha dogo liko wazi. Alitafutwa mtu wa kufunga mabao, tena upesi.

Kilichofuata mnakikumbuka. Tarehe 1 Februari, ugenini Bournemouth, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England na wa kwanza kufunga humo, vyote ndani ya jioni moja. Villa ilipoteza 2-1, lakini huku Dar sikumsikia mtu akilia na matokeo. Tarehe 1 Machi, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Manchester City wako mbele 2-0. Dakika ya 41 John Stones anateleza, El Ghazi anamimina krosi, na mtoto wa Mbagala anajirusha mzima mzima, kichwa, Claudio Bravo kaduwaa. Ikaisha 2-1. Dakika za mwisho Björn Engels alipiga kichwa, Bravo akautia kidole mpira ukagonga mlingoti. Ule ungeingia, tungekwenda muda wa nyongeza.

Baada ya hapo hakuifungia tena Villa. Leicester wakaichapa timu 4-0, korona ikafunga dunia, ligi ikarudi Juni kwenye viwanja visivyo na watu, na Samatta akarudi bila mabao. Mechi 14 za ligi, bao 1. Septemba Villa wakamnunua Ollie Watkins, na mtu wetu akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo.

Ukisoma jalada hilo peke yake, kijana wa bodaboda ameshinda kesi.

Nikalisoma tena, polepole, na ndipo nikaona kitu ambacho wakati ule kilinipita. Villa walibaki Ligi Kuu kwa pointi 1. Pointi 35, huku Bournemouth na Watford wakishuka na 34 kila mmoja. Na mechi ya kwanza baada ya korona, dhidi ya Sheffield United, kipa wao Nyland alidaka mpira akaingia nao golini kwake mwenyewe. Dunia nzima iliona. Mtambo wa kumwarifu refa kwamba mpira umevuka mstari haukulia, ikaisha 0-0. Pointi ile moja ya kudondokewa ndiyo iliyowaweka hai.

Sasa fikiria. Villa wangeshuka, hela ya Watkins isingekuwepo. Timu ya daraja la pili yenye straika wa kimataifa mwenye mkataba mrefu ingemng'ang'ania, au angalau ingempa msimu mzima wa kuzoea. Waliponea chupuchupu, wakapata fungu la Ligi Kuu, wakaenda sokoni. Kupona kwa Villa ndiko kulikomwondoa Samatta.

Sisemi angefunga mabao 20 kule chini. Nasema tu kwamba hukumu tunayoirudia kijiweni imening'inia kwenye mtambo uliosahau kulia.

Lakini straika kazi yake kufunga

Hapa ndipo nilipojishuku. Nikajiuliza kama hii siyo ile tabia yetu ya kumtafutia wa nyumbani visingizio. Wapo mastraika waliofunga mabao kwenye timu mbovu kuliko ile. Timu inayopigania kubaki haikusubiri uzoee. Unapewa nafasi moja kwa mechi, unaiweka wavuni au unakaa benchi, na alizopewa nyingine alizikosa. Hilo siwezi kulifuta.

Basi nikarudi kuangalia alikotoka.

Genk ya msimu wa 2018/19, chini ya kocha Philippe Clement, ilichukua ubingwa wa Ubelgiji, na Samatta akaweka mabao 23 ya ligi. Alipewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile. Agosti 2018 aliwapiga Brøndby mabao matatu kwenye usiku mmoja wa Ligi ya Ulaya. Angalia sasa nani walikuwa wanampa mipira: Leandro Trossard pembeni, Ruslan Malinovskyi katikati, Alejandro Pozuelo hadi alipoondoka kwenda Toronto Machi 2019, Junya Ito upande wa pili. Trossard ni huyuhuyu ambaye mtaani kwetu amewahi kushangiliwa hadi viti vya plastiki vikavunjika kwa sababu ya Arsenal. Hakuna anayemkumbuka akiwa kijana wa Genk anayemtafuta Samatta kwa jicho.

Samatta ni straika wa mwendo. Anaanza nyuma ya beki, anakata mbele yake kuelekea nguzo ya karibu, anataka krosi ije sekunde ileile. Bao la Wembley lilikuwa hivyo. Lile la Anfield la Novemba 2019, kichwa cha kona ya Genk mbele ya Liverpool, ni ukoo uleule. Ukimwona anaogelea na mgongo kwa beki wa kati mwenye kilo tisini akisubiri mpira mrefu, ujue amepewa kazi ya mtu mwingine. Villa walimnunua kuziba pengo la Wesley, jitu la futi sita na zaidi, na mpira wao mwingi ulipita kwa Jack Grealish aliyependa kuubeba, kuingia nao ndani na kuangushwa. Krosi za mapema zilikuwa chache. Ilipokuja ile ya El Ghazi, mliona.

Namba tisa ni mgeni mezani, anakula alichopakuliwa.

Na kikosi cha Genk chenyewe kilikuwa kimeshabomoka kabla hajaondoka. Trossard alikwenda Brighton na Malinovskyi Atalanta katikati ya 2019. Sander Berge aliondoka dirisha lilelile la Samatta, akaenda Sheffield United. Kwa hiyo wale wanaosema angebaki Genk wajiulize angebaki na nani.

Ugenini pa kwanza

Kuna jambo moja ambalo hata tunaomtetea tunalirukia. Tunaanzia Ubelgiji.

Samatta alianza kucheza nje ya nchi akiwa na miaka 18, na hakwenda Ulaya. Alikwenda Lubumbashi, Kongo. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya huko kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa kwao na kwetu, na Mazembe walipoondoka Dar walikuwa wameshamwona kijana aliyetokea African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market. Wakamchukua yeye na Mganda Patrick Ochan. (Mazembe baadaye wakaondolewa mashindanoni kwa rufaa ya Simba juu ya mchezaji asiye halali. Mpira wa Afrika una ucheshi wake.)

Tukumbuke Mazembe ile ilikuwa nini. Ilikuwa imechukua Afrika 2009 na 2010 mfululizo. Desemba 2010 ilicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Mtoto wa miaka 18 kutoka Mbagala anaingia chumba cha kubadilishia nguo chenye Trésor Mputu, Rainford Kalaba, na kipa Kidiaba anayeshangilia kwa kuruka na makalio. Hapo hupewi namba kwa sababu nyumbani wanakupenda.

Kitu kilichomsaidia, naamini, ni kwamba Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Chao kina ladha yake, ugali wanauita bukari na Kifaransa kimepenya kila sentensi, lakini muuza duka anakusikia, na ukiumwa unamweleza daktari unapoumwa. Vijana wetu wangapi wamekwenda majaribio Ulaya Mashariki wakarudi baada ya wiki chache, na ukiwauliza wanakwambia baridi? Baridi ni sehemu ndogo. Kumi na nane ni umri mdogo wa kukaa kimya mwezi mzima.

Alikaa pale hadi miaka 23, sehemu kubwa ya muda akiwa na mwenzake Thomas Ulimwengu. Kisha ukaja ule mwisho wa mwaka 2015, ambao mimi nauona ndio kilele chake, juu ya Wembley.

Oktoba 31, fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, Algiers, dhidi ya USM Alger. Kalaba anafunga, Samatta anaongeza penalti, Mazembe wanashinda 2-1 ugenini. Novemba 8, marudiano Lubumbashi, matokeo bado 0-0, uwanja wa Kamalondo umejaa hadi juu ya kuta, penalti nyingine, dakika ya 75. Anaichukua tena yeye. Anafunga tena. Assalé anamalizia, 2-0. Alimaliza mashindano na mabao 7, hakuna aliyemzidi.

Novemba 14, siku sita tu baadaye, yuko Uwanja wa Taifa na jezi ya Stars dhidi ya Algeria kufuzu Kombe la Dunia. Maguli anafunga, Samatta anafunga, 2-0, tunakumbatiana na watu tusiowajua. Algeria wanarudisha yote mawili. Siku tatu mbele, Blida, tunapigwa 7-0.

Saba.

Mfalme wa Afrika wiki iliyopita, na leo anatoka uwanjani na saba. Nimekuwa nikifikiria safari ile ya ndege kurudi. Hakuna mchezaji wa Ufaransa au Brazili anayeishi maisha ya namna hiyo, kwamba kwenye klabu uko juu kabisa na ukivaa jezi ya nchi unarudi kuwa mtu wa kutafuta mpira kwenye miguu ya wengine. Mchezaji wetu wa nje anaishi kwenye ngazi mbili kwa wakati mmoja, na anapanda na kushuka kila kalenda ya FIFA inapofika.

Januari 7, 2016, Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Aliwapita Kidiaba, mwenzake wa timu, na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata kabla yake. Mwezi huohuo akasaini Genk, na mwezi huohuo akapewa kitambaa cha unahodha wa Stars kilichokuwa mkononi mwa Nadir Haroub Cannavaro wetu, jambo lililotuuma Wanayanga kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Mwambie hayo yule kijana, hayajui. Banda lile halikuwahi kuandika fainali ya Lubumbashi kwenye ubao.

Miaka

Nikiwa katikati ya ubishi huu nikakutana na mechi ya Septemba 17, 2019. Salzburg 6, Genk 2. Usiku wa kwanza wa Mtanzania kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Samatta akafunga. Upande wa pili kulikuwa na kijana wa Norway aliyefunga matatu kabla ya mapumziko. Erling Haaland, miaka 19.

Dirisha lililofuata wote wawili waliondoka. Haaland kwenda Dortmund, Samatta kwenda Villa. Mmoja ana miaka 19, mwingine ametimiza 27 mwezi uliopita.

Hapa nilikaa sana.

Silinganishi vipaji, sijalewa. Nalinganisha muda wa kukosea. Wa miaka 19 akikosa miezi sita, anaitwa kijana anayejifunza. Wa miaka 27 akikosa miezi sita, timu inamtafuta mwingine. Samatta alifika England kwa ngazi tano: Mbagala, Simba, Lubumbashi, Genk, Birmingham kwa Villa. Kila ngazi ilimgharimu miaka kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumrukisha. Hakuwa na akademi iliyomlea tangu miaka 10. Hata kibali cha kazi cha Uingereza, kwa kanuni za wakati ule, kilikuwa kinapimwa kwa mechi za timu za taifa zilizo ndani ya 50 bora za FIFA. Sisi tulikuwa mbali nazo kwa mwendo wa treni. Mchezaji wa Senegal alipita mlango mkubwa, wetu alipaswa kuombewa.

Kwa hiyo Lubumbashi ilimjenga na Lubumbashi ilimchelewesha, na sijui utavitenganisha vipi vitu hivi viwili. Angekwenda Ulaya na miaka 19, pengine angekuwa mmoja wa wale waliorudi wakisema baridi.

Jioni moja Cairo

Kuna wakati nilidhani labda ndivyo ilivyo kwa mastraika wetu wote, hadi nikamkumbuka jirani.

Juni 27, 2019, AFCON, Tanzania na Kenya. Sisi tumerudi kwenye mashindano baada ya miaka 39. Msuva anatutanguliza, Olunga anasawazisha, dakika moja baadaye Samatta anatuweka mbele tena. Halafu Omolo, halafu Olunga tena. 3-2, tumelala. Ile mechi bado inaniuma, tuiache.

Michael Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Sweden, kisha China, kisha kwa mkopo Girona ya Hispania. Januari 2018 aliwapiga Las Palmas mabao matatu akitokea benchi, ya kwanza ya aina yake kwa Girona kwenye La Liga, na bado hawakumbakisha. Kwa kipimo cha kijana wa bodaboda, naye alifeli Hispania. Akaenda Kashiwa Reysol, Japani. Timu ikashuka naye, ikapanda naye, siku ya mwisho ya msimu wa 2019 wakashinda 13-1 na yeye akafunga manane. Mwaka uliofuata akafunga mabao 28 kwenye ligi kuu ya Japani, mfungaji bora na mchezaji bora. Kutoka hapo Qatar, mabao kila msimu.

Sijawahi kumsikia Mkenya akisema Olunga alifeli. Nadhani ni kwa sababu hakwenda England. Hakuna aliyejipanga kwenye banda kumsubiri, kwa hiyo hakuna aliyerudi nyumbani akihisi ameibiwa kiingilio.

Samatta tulimsubiri. Tulifungua akaunti za mitandao kwa ajili ya Villa, tukajaza ukurasa wao kwa Kiswahili, tukaanza kumwagiza mabao. Alipokosa, tuliowafurika kwa sifa ndio tuliowafurika kwa matusi, tena kwa lugha ambayo yeye peke yake kwenye ile timu aliielewa.

Yeye mwenyewe ana ule msemo wake, haina kufeli. Tuliuvaa kwenye fulana. Halafu tukamgeuzia.

Msuva naye aliyatafuta maisha kwa njia ya Waarabu: Morocco, Saudia, Algeria, Iraq. Aliondoka Wydad kwa mgogoro wa malipo uliofika FIFA, na miezi michache baadaye Wydad ikabeba Afrika bila yeye. Bado ndiye aliyetufungia dhidi ya Zambia kwenye AFCON ya Ivory Coast. Ulimwengu alijaribu Sweden, mwili ukamgomea, akarudi Mazembe. Hawa hata kufeli hatuwapi, tunawasahau tu.

Jezi zilizofuata

Fenerbahçe. Antwerp kwa mkopo. Genk tena, kwa mkopo, msimu wa 2022/23, ule ulioisha kwa Genk kuukosa ubingwa siku ya mwisho: Toby Alderweireld wa Antwerp alipiga shuti la mbali dakika za majeruhi, 2-2, kombe likahama uwanjani hapohapo. Kisha PAOK ya Ugiriki, na ubingwa wa 2024. Kisha Le Havre, 2025, akiwa na miaka 32.

Mabao yalipungua kila kituo. Sipambi. Mara nyingi alitokea benchi, na alipoanza hakuwa tena yule wa kukimbiza mabeki dakika tisini. Lakini nimeanza kuiheshimu sehemu hii kuliko nilivyotegemea. Miaka kumi mfululizo Ulaya, nchi tano ukihesabu na ile miezi ya England, na hakuna iliyomrudisha nyumbani. Kila dirisha kuna kocha aliyemwangalia akasema huyu bado ana kazi kwangu. Kocha wa ligi ya Ufaransa hampi mtu mkataba kwa kuona huruma.

Mtu anayefunga mechi moja tunamwita nyota. Yule anayejitunza goti, usingizi na sahani ya chakula kwa miaka kumi ili awe na thamani akitimiza 33, hatuna hata wimbo wake kwenye jukwaa.

Amalizie wapi

Kila dirisha likikaribia, Wanasimba wanaanza: arudi Msimbazi amalizie nyumbani. Hoja yao ina uzito kuliko zamani. Ligi yetu sasa inalipa, na njia imegeuka. Zamani Lubumbashi ilichukua straika Dar. Mwaka 2021 Yanga tulimchukua Fiston Mayele kutoka Kinshasa, akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, tukaikosa kwa bao la ugenini dhidi ya, nani tena, USM Alger. Akaenda Pyramids ya Misri, na 2025 akafunga kwenye fainali wakaichukua Afrika. Mkongomani aliyepitia Dar akapata alichokipata Mtanzania aliyepitia Lubumbashi. Siku hizi kijana mwenye mabao kumi Yanga au Simba anaweza kukataa Ulaya ya baridi na mshahara mdogo, na siwezi kumlaumu.

Ila kwa Samatta mimi nina wazo jingine. Akichoka na Ulaya, aende Kamalondo. Msimu mmoja, jezi nyeusi na nyeupe, kwenye uwanja ule alikopiga penalti mbele ya bara zima. Kule hakuna wa kumuuliza kuhusu Villa. Watamwamkia kwa Kiswahili, watampikia bukari, na Jumapili watalipa kiingilio kumwangalia.

Wanasimba watasema nampeleka mbali kwa sababu mimi ni Yanga.

Kidogo, ndiyo.